Nusu Dakika

Saa tatu asubuhi, Pasua. Fundi wa chini anagonga bati,
mlima umejifunika kama mtu mwenye deni,
nami nimemwandikia msaidizi wangu asiye na mikono:
nitengenezee hesabu ya malipo ya kahawa,
kilo mara bei, toa ushuru, toa mkopo wa mbolea.
Akajibu: Nafikiri.
Kishale kikaanza kupepesa.

Nusu dakika tu.
Haitoshi kuchemsha chai,
haitoshi hata kufunga kamba za viatu vyote viwili,
lakini kushika simu inatosha.
Nikashika simu.
Mtu, sijui wa nchi gani, anasugua zulia jeusi:
povu la kwanza tope, la pili mtindi,
la tatu, akatokea tausi.
Nilipoinua macho, mistari mia mbili na kumi
ilikwisha kupangwa, imenyooka kama nguo za kanisani.
Nikasema, sawa.
Sawa, kwa jambo ambalo sikulisoma.

Wiki ikaenda hivyo.
Ombi, zulia. Ombi, mpira wa jana. Ombi,
ugomvi wa watu nisiowajua juu ya harusi nisiyoalikwa.
Jioni kazi imejaa, na mwenye kazi simo.
Ungeniuliza mlango huu unatokea wapi
ningemwita msaidizi akutembeze ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa akapiga Bi Anaeli, katibu wa chama kule Mbokomu.
Hakusalimia.
"Ndelilio, mizani yangu inasema kumi na mbili na robo tatu.
Mashine yako inasema kumi na mbili.
Robo tatu ya Mama Kyara imeliwa na nani?"

Nikatafuta. Mstari wa sitini na nne,
kineno kimoja kinakata desimali
kama mtu anavyokata ukucha.
Wakulima mia tatu na tisa.
Msaidizi hakuiba; hana mfuko, hana nia.
Mwenye nia nilikuwa mimi,
na nia yangu ilikuwa juu ya zulia.

Usiku ule nikaukumbuka mfongo.
Zamu yetu ya maji ilikuwa Jumatano, saa kumi alfajiri,
mimi na jembe na baridi ya kihambani.
Kazi yenyewe haifiki dakika mbili:
kuzibua, kisha kuziba kwa udongo na majani ya mgomba.
Katikati yake hakuna kitu. Unasikiliza.
Maji yakibadili sauti, yameshatoboa kwa jirani.
Nikasinzia mara moja, moja tu.
Kulipokucha, vitunguu vya Temu vilikuwa vinaogelea
na migomba yetu imekauka midomo.
Mama hakunipiga. Alinishika mkono,
akanionyesha, hatua kwa hatua,
usingizi wangu ulikopita.

Sasa nina daftari la shilingi mia tano na penseli.
Kabla sijaomba, naandika ninachotarajia.
Akianza kufikiri, nami nafikiri:
robo tatu kwa bei ya elfu nane, elfu sita;
elfu sita, kilo mbili za sukari ya Mama Kyara.
Mara nyingi yeye hutangulia.
Basi na angoje. Nasoma mstari mmoja mmoja,
kidole juu ya kioo kama mtoto wa darasa la kwanza,
na nisipoelewa namrudisha, aeleze.
Simu iko jikoni, ndani ya sufuria, kifuniko juu.

Sijapona. Jana nimefunua sufuria mara mbili,
mara ya pili nikamkuta tausi yuleyule, au nduguye.

Leo fundi wa bati hayupo. Mlima umetoka wote, mweupe,
nami sijautazama bado.
Kishale kinapepesa. Sufuria inanguruma.
Kumi na mbili mara elfu nane, tisini na sita elfu,
ongeza sita,
ngoja kidogo, ngoja, naandika.