Goti

Ijumaa, Nizwa. Mbuzi wameshauzwa,
samadi yao imebaki njiani pamoja na kelele.
Nafungua kibanda nyuma ya ngome,
natandika kanga iliyopauka,
nailaza juu yake: bastola ya Kijerumani, chapa 1913,
pua nyembamba, mpini umeinama
kama mtu anayesikiliza kwa adabu.
Mtutu umejazwa bati; karatasi ya polisi iko chini yake.

Bwana Muhenna wa Bahla hakai.
"Inafanyaje kazi?"
Kwa teke lake yenyewe, namwambia.
Zamani bunduki ilikupiga bega, ukasonya, yakaisha,
nguvu zote zile zikaenda bure.
Wakaja mafundi wa Ulaya, mabahili wa kila kitu,
wakasema: hata teke lifanye kazi.

Tazama. Mtutu unarudi nyuma
upana wa kokwa ya tende, hauzidi.
Goti linagonga mteremko, linakunjika,
lakini kwenda juu, kinyume na magoti yetu;
ganda linaruka la moto, linapita usawa wa kipaji;
springi iliyojificha mpinini inalivuta goti chini,
nalo likinyooka linasukuma risasi nyingine chumbani.
Mara nane.
Kisha goti hubaki limesimama, chumba wazi,
silaha inayokiri
kwamba haina tena la kusema.

Muhenna avaa miwani, asoma namba.
Kiwiliwili, hamsini na nane.
Mtutu, hamsini na nane. Goti, kibanio, hata komeo dogo
lisilozidi ukucha: hamsini na nane.
Kiwanda kile hakikuamini vyuma visivyo vya ukoo mmoja.
Halafu kidole kinakwama.
"Na hii?"

Sindano ya kupigia. Haina namba.
Ya kwanza ilivunjika Wete, kabla sijazaliwa;
mhunzi mmoja akachonga hii, kwa tupa na matusi,
kutoka ufito wa cherehani ya bibi yangu Zuwena,
aliyeshona mwezi mzima kwa mkono
na hakumsamehe babu.

"Si ya asili," anasema Muhenna. "Nusu bei."

Nilishuka Maskati nina miaka tisa.
Kiarabu changu kilinuka karafuu.
Mwalimu akasoma majina, akafika kwangu,
kidole hewani: "Na huyu?"
Darasa likacheka. Nikatazama viatu.

Leo nimekuwa na ndevu, nina duka.
"Itoe sindano hiyo, Bwana," namwambia,
"hizo hamsini na nane zako zote
ni chuma cha kugandamizia karatasi."

Anafikiri. Anakohoa.
Ananunua ala ya ngozi tu, riali saba,
anaondoka bila kuaga vizuri.

Nalikunja goti, naliachia.
Tak.
Nalikunja tena. Sina haja, lakini nalikunja.
Tak. Alasiri ya Wete, mvua imekatika,
na mtu chumba cha pili anamalizia pindo.