Ulimi wa Kuazima

Miaka thalathini na mmoja nimesimama juu ya karai hili la shaba,
hapa Wete, nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuni,
nakoroga wanga na samli na sukari iliyoungua
hadi halwa ianze kujivuta, ing'ae, ikatae kushika karai.
Hapo nilikuwa nachota kwa ncha ya kidole.
Nikijua.
Hakuna mizani iliyokishinda hichi kidole.

Kidole hichohicho
nesi Bishara alikichoma sindano, Mfunguo Tano,
tone likanyonywa na kijikaratasi
na mashine ikasema: kumi na saba nukta nne.
Nikamwambia, "Hiyo ni bei ya nini?"
Hakucheka.
"Baba Shaame, kiu ya usiku, ganzi ya nyayo,
na hicho kidonda cha kisigino, ulidhani ni nini?"

Nilidhani ni moto. Nilidhani ni uzee na kusimama.
Sukari niliyoipika nje miaka yote
kumbe ilishahamia ndani,
mgeni niliyesahau, siku ya tatu, kumpa jembe.

Mize mke wangu hakulia. Alishika njia ya bondeni.
Alirudi na matembele, kisamvu, bamia changa,
majani ya mronge aliyoyavunja uani kwa Mwanakombo,
na choroko robo tatu ya pishi.
Kabati la unga mweupe akalitia kufuli,
ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.
"Sahani yako," akasema, "nusu yake majani.
Robo kunde, au choroko, au mbaazi.
Robo iliyobaki gombana nayo mwenyewe:
mtama, au shelisheli la kuchemsha, kipande cha kiganja.
Kiganja changu, si chako."

Wiki ya kwanza nilikula kama mbuzi aliyefungwa.
Wiki ya pili nikaona mbuzi ana nafuu,
yeye hana karai la halwa mbele ya pua.
Niliota ukoko wa wali wa nazi.
Usiku mmoja nikanyata hadi jikoni
nikamkuta Mize amelala mkekani, mgongo kauegemeza kwenye kabati.
Nikarudi kitandani.
Hilo hatujalisema hadi leo.

Kazi sikuiacha; watoto wangekula nini?
Ila kidole changu hakiingii tena karaini.
Anaonja Riziki, kitinda mimba wangu, darasa la sita,
akitoka skuli, kabla hajavua ushungi.
Anafumba macho. "Bado, baba, inaganda menoni."
Au, "Iliki leo inapiga kelele."
Na mie napunguza moto, namsoma uso
kama zamani nilivyousoma ulimi wangu.
Ncha ya kidole tu, namwambia, kisha sukutua.
Anadhani nina ubahili.
Nina hofu: damu yake ni yangu.

Hamad Faki kaja kutoka Konde kununua ya harusi.
"Mpishi asiyeonja chake! Nitaiaminije?"
"Kinyozi hajinyoi, bwana. Nikufungie vikapu vingapi?"
Akachukua vinne.

Jana kliniki: saba nukta moja.
Vidonge viko palepale, nesi hakunipunguzia hata kimoja,
lakini kisigino kimefunga, na usiku nalala moja kwa moja.
Nyumbani Mize kaniwekea mchicha wa tui jembamba,
kunde, na kipande cha ndimu.
Nikatafuna polepole, sina pa kwenda.
Na kunde, wallahi, kunde zilikuwa tamu.
Si utamu wa karai. Utamu mdogo, wa chini,
kama mtu anayezungumza chumba cha pili
ambaye miaka thalathini na mmoja nimemzidi kwa makelele.

Nikamwita Riziki. "Njoo uonje hizi."
Akafumba macho. Akatafuna. Akakunja uso.
"Baba," akasema, "hazina chumvi."