Majani ya Mlingoti

Shina lilishakwenda.
Lori lilipita alfajiri kuelekea Mafinga,
miti imelala chali, imefungwa minyororo.
Kesho kutwa itasimama tena, imebeba nyaya,
iwawashie taa watu nisiowajua.
Mimi nimebakiziwa majani.

Magunia matatu. Pipa lililokuwa la dizeli,
nililisugua kwa mchanga na majivu siku mbili.
Bomba la shaba lilitoka kwenye friji mbovu ya padri.
Moto ni wa matawi yaleyale.
Kwanza, hakuna kitu.
Kisha harufu inatangulia,
kama mbwa anavyomtangulia mwenyewe njiani.
Kisha tone.

Hadi jioni, chupa moja ya soda, nayo haijajaa.
Mafuta yanaelea, hayataki undugu na maji,
na mti wenyewe ulivyokuwa mlevi wa maji!
Ulikunywa chemchemi ya kina Kikoti ikabaki tope,
tope nalo likabaki jina.

Leonsia wa duka la dawa anauliza, yanatibu nini?
Hayatibu, namwambia. Yanafungua.
Matone matatu kwenye maji ya moto,
blanketi kichwani, macho ufumbe.
Ya kuchua, changanya na alizeti,
yakiwa peke yake yanaunguza.
Mtoto mchanga usimsogezee hata kizibo.
Usinywe.
Anaandika kwenye kibandiko. Hilo la mwisho
analipigia mstari mara mbili.

Sikumwambia habari za Aloisi.
Miaka kumi na tisa kiwanda cha mbao,
vumbi likamshindilia kifua kama gunia la mahindi.
Juni ile ya sakitu nilimfukiza kila usiku,
nimemshika mabega gizani, mvuke ukitutoa machozi sote,
nikiisikiliza pumzi yake, uzi
unaotafuta tundu la sindano.
Ikipata, kaka yangu analala saa mbili.
Saa mbili zilikuwa nyingi.
Daktari alikwisha kusema lake;
siudai mti deni ambalo haukukopa.

Blanketi sijalifua.
Lakini mafuta haya huruka, ndiyo tabia yake:
acha chupa wazi, asubuhi hukuti hata doa.
Mwezi uliopita ukungu ulishuka hadi mlangoni,
nikalivuta blanketi usoni, nikakuta sufi tu.

Nikatia tone moja.
Baridi ile inayochoma ikaja, kifua kikafunguka,
na tangu hapo sijui
namnusa Aloisi,
au nanusa mti.