Kinanda cha Pauni Themanini

Dirishani pa duka la hisani, Coventry,
kilikuwa kimeegeshwa baina ya pasi na birika,
bei kwa kalamu nyekundu: themanini na tano.
Mzee Trevor akabonyeza ufunguo mmoja, wa katikati,
kama mtu aonjaye chumvi kwa ncha ya kidole.
"Kizima," akasema.

Mimi sikuonja. Nilivua glavu,
nikazigonga zote sitini na moja,
chini hadi juu, wateja wakinipisha na sahani zao za kale.
La ya juu kabisa haikusema la wala naam.
Nikaomba apunguze tano kwa ajili ya huyo bubu.
Akapunguza.

Kipo cha pauni mia sita, najua.
Nimekipapasa mjini, funguo nzito, za heshima,
kinakumbuka kila ulichokifundisha.
Lakini mia sita ni shifti ngapi za usiku
za kuwageuza wazee wa Willenhall, ubavu hadi ubavu?
Nilihesabu, nikaacha kuhesabu.

Nyumbani, juu ya ubao wa kupigia pasi
(stendi mwezi ujao, inshallah)
nikaanza kukifunza adabu.
Midundo yake mia moja yote nikaifunga mdomo.
Mwangwi nikaushusha hadi sifuri, ukumbi wenyewe ni pango.
Mkono wa kushoto nikaupa besi, wa kulia fidla,
mpaka wao Do ya kati.
Pedali ilikuja na ukaidi:
ukikanyaga inakata, ukiachia inavuma,
hadi nikagundua huwa nawasha nikiwa nimeikanyaga.

Robo ndiyo iliyonikesha.
Ukurasa wa hamsini na nne, maandishi ya sisimizi:
Mi ishushwe senti hamsini,
Si nayo senti hamsini.
Shilingi nzima! Nikacheka peke yangu,
na rasti ikaingia jikoni bila kubisha hodi.

Nikayaandika yote kwenye utepe wa karatasi
chini ya vitufe, maana hiki hakina kumbukumbu:
ukikizima, kinaamka mgeni.

Jumamosi, harusi, Foleshill.
Tundu la kusikilizia ndilo mlango wake pekee,
Lutfi akaunga waya wa pauni nne hadi kwenye mitambo.
Sauti tukaiweka saba; nane kinakoroma.
Tukapiga mbili tatu, watu wakachangamka,
kisha ami yake bwana harusi akaomba dakika mbili.

Alikuwa na karatasi.
Alikuwa na karatasi nyuma ya karatasi.
Pilau ikapoa. Dakika ya thelathini, kimya kimya,
kijitaa chekundu kikafumba jicho.

Sikukiona. Biubwa kashasimama, kifua kimejaa pumzi,
nikaweka vidole: hakuna.
Nikawasha: piano ya shuleni,
Mi imenyooka kama rula,
na Biubwa akanigeukia kwa jicho nisilotaka kuliandika.

Mshindo akaokota rika. Mungu ampe nyumba yenye bustani.
Akaitikisa taratibu, kana kwamba ndivyo tulivyopanga,
nami nimeinama gizani, nausoma utepe kwa kidole:
fidla, sifuri arobaini na moja. Besi. Gawa.
Mi, shusha, shusha, shusha,
kitufe kile kinashusha senti moja moja, kama bahili.
Si sikuiwahi. Niliikwepa ubeti mzima
kama mtu anayemdai kodi.

Mi ilipokaa mahali pake
mama mmoja wa meza ya tatu aliweka uma chini.
Hakuinuka, hakutunza.
Aliweka uma chini, basi.

Jumapili nilirudi kitabuni. Ukurasa wa hamsini na saba:
ili kisisinzie, washa huku umebana ufunguo wa chini kabisa.
Nimekata utepe mwingine, nimeubandika juu ya La bubu,
kule ambako mkono wangu haufiki:
USILALE.
Ndilo neno waniambialo pia, kila saa mbili usiku,
nikitia sahihi kazini.