Folda Iitwayo Bado

Kadi kumi na nne zimeletwa ndani ya kopo la siagi,
zimefungwa kwa mpira wa nywele wa mtoto wa mtu.
Saa arobaini na moja za Mwaloni, Kirumba:
dagaa, chanja, mizani, moshi, matusi.
Bwire anataka dakika ishirini na mbili.
Anazitaka kabla ya mbalamwezi,
kana kwamba na mimi navua.

Watu hudhani mhariri ni mkasi.
Siku nne za mwanzo sikati kitu.
Mimi ni karani wa ghala: nahesabu, naandika lebo,
nanakili kwenye diski mbili. Moja nabaki nayo,
nyingine inapanda kilima cha Bugando kwa shemeji
ikalale kabatini, katikati ya vitenge.
Mwaka juzi chumba hiki kilifurika.
Mali bila daftari, mama alikuwa akisema,
na hakumalizia. Tulijua inapoishia.

Kamera ya pili haijui tarehe.
Betri yake ya ndani ilikufa, basi kila asubuhi
ni Januari mosi, saa sita usiku,
na jua linawaka.
Nimezipanga picha zake kwa vivuli:
kivuli kirefu cha beseni kinachogusa maji, asubuhi;
kivuli kilichojificha chini ya beseni, mchana.
Na kwa kanga za Nyanzobe:
ya njano Jumanne, ya zambarau Jumatano.

Lugembe, msaidizi wangu, faili zake huziita
mwisho, mwisho kweli, mwisho kabisa.
Nimemkataza. Lakini ana swali la haki:
tupange kwa siku, kwa mtu, au kwa jambo?
Bwire yeye hupanga kwa moyo,
folda ya huzuni, folda ya furaha.
Sasa mwanamke anayecheka huku akihesabu hasara
nimweke wapi?

Mama alichekecha dagaa hapo hapo Mwaloni.
Chekeche la kwanza liliondoa mchanga.
La pili liliondoa vumbi, likauzwa kwa wafuga kuku.
La tatu lilikuwa macho yake tu,
na hilo hakuwahi kuniazima.

Nikamwambia Lugembe: kwa siku kwanza,
maana siku haibishani na mtu.
Halafu kwa mtu. Jambo tuliache,
litakuja lenyewe likishaona tumetulia.

Kompyuta ni mzee, haibebi picha nzito.
Naitengenezea nakala nyepesi, zenye ukungu,
nakata ukungu usiku kucha nikijua
chini yake kila gamba la dagaa lipo.
Luku inalia. Naiacha ilie.

Halafu hii. Namba 0311, kamera ya pili.
Januari mosi, kama kawaida.
Lugembe aliitupa kwenye takataka, na sikumlaumu:
mchanga, ndala, mchanga, upindo wa kanga ya zambarau.
Kijana alisahau kuzima, kamera inaning'inia begani.
Hakuna kofi la kuanzia.
Ila sauti safi, dakika sita.

Katika mahojiano Nyanzobe alisema
biashara nzuri, tunashukuru.
Hapa anamwambia mwenzake:
«Ningemjibu nini, na mwenye mizani
amesimama nyuma ya kamera yao?»
Kisha anacheka. Kile kicheko.

Bwire akiisikia ataifungulia filamu.
Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo.

Nimeitoa kwenye takataka.
Haiingii kwenye siku, siku yake ni ya uongo.
Haiingii kwa mtu, mtu hakuitoa.
Nimefungua folda mpya, nikaiita Bado,
ndani yake faili moja.

Kesho nashuka Kirumba na spika za masikioni.
Asikilize yeye kwanza.
Lugembe anauliza, na Bwire tumwambieje?
Mwambie tunapanga.