Kabati la Nyasi

Wasemao akiba haiozi
hawajawahi kuweka nyasi.

Mimi naziweka katika kabati la nguo,
ghorofa ya tatu, mjini Võru,
ndani ya foronya sita za pamba.
Mfuko wa plastiki, kamwe:
plastiki hutoka jasho usiku kama mgonjwa,
na asubuhi nyasi zimelowa bila mvua.
Foronya hupumua. Chini nimelaza mbao mbili
zisiguse sakafu,
na makoti yangu ya baridi, manene kama mashangazi,
nimeyahamishia msumarini, nyuma ya mlango wa choo.

Punje zimo katika debe la biskuti,
lile lenye picha ya farasi na theluji;
kifuniko hakiingii mpaka ukipige kiwiko.
Juu yake utepe, na juu ya utepe tarehe,
kwa mwandiko wangu wa wodini:
limefunguliwa tarehe nane, lisipite wiki sita.
Nanunua kidogo kidogo. Gunia kubwa ni nafuu,
lakini sungura wawili si kikosi cha jeshi,
na fukusi nao husoma bei.

Tatar hajali haya. Mustikas hajali.
Wao wanajua saa kumi na mbili
na kilio cha bawaba.

Nyasi hutoka kwa kaka yangu, Olev,
mwenye konde la mteremko na mawe, nyuma ya Rõuge.
Mwaka huu alizileta mapema.
"Zimekauka," alisema akiwa bado ngazini,
kabla sijauliza.

Oktoba, ukungu umelalia ziwa la Tamula,
niliingiza mkono katika foronya ya nne
nitoe konzi ya asubuhi,
na katikati nikakuta joto.
Joto, kama chini ya kuku anayeatamia.
Nyasi zilizokatwa hazina haki ya kuwa na joto.
Nikavuta: vumbi jeupe,
harufu ya kitabu kilichonyeshewa.
Ukungu nje, ukungu ndani;
neno ni moja, na siku ile
sikuona kwa nini yangekuwa mawili.

Niliziteremsha zote sita,
maana kuvu haijui mpaka wa jirani,
ngazi hamsini na nne hadi pipa la mboji.
Bibi Leida wa chini alichungulia
akauliza nani amekufa, mbona nabeba mito.

Nikampigia Olev. Maneno makali nilikuwa nimeyapanga
kama vyombo kwenye trei.
Akanyamaza. Kisha:
"Maret ndiye aliyekuwa akizisikiliza."

Alikuwa akichukua konzi, anaisokota karibu na sikio.
Zikivunjika kwa mlio, zifungwe.
Zikinyamaza, ngoja siku mbili,
hata kama wingu limekaa juu ya paa.

"Nilisokota," alisema Olev. "Nilisokota.
Sikusikia kitu.
Nikadhani ni masikio yangu."

Trei nikairudisha kabatini.

Jumamosi alikuja na gunia kutoka kwa jirani yake.
Foronya nilikuwa nimezichemsha kwa siki,
zimekauka juu ya bomba la joto, ngumu kama karatasi.
Tulisimama jikoni, wazee wawili,
kila mmoja na konzi yake sikioni
kama wanaosubiri simu.
Tak. Tak-tak.
"Umesikia?"
"Nimesikia. Na wewe?"
Hakujibu, alisokota nyingine.

Tukajaza, tukapanga. Kabla mlango haujafungwa
Mustikas alidaka bua moja refu,
likaingia mdomoni mwake taratibu
kama uzi kwenye cherehani.

Olev akavua koti lake,
akalitazama kabati, limejaa hadi juu,
akatazama huku na huku,
akalivaa tena,
akakaa.