Kurasa Alizoziruka

Alhamisi baada ya isha, Barabara ya Kumi na Tano,
sebule yangu hujaa hadi kizingitini:
wapangaji, mtoto wa jirani na bakuli lake la mihogo,
Bi Saumu aliyekuja kuazima chumvi mwezi uliopita
na tangu hapo kila wiki chumvi humwishia saa tatu kasorobo.

Ni mchezo wa zamani za mkonge.
Salehe, karani wa mizani, kaptula imepigwa pasi kupita kiasi.
Mwanakheri kajifunga kanga isiyo na jina.
Siku zile rangi hiyo haikuwepo Tanga hii, nasema,
nao wananinyamazisha: Bibi, tunasikiliza.

Hawajui kuwa hadithi hii ninayo.
Ilikuja nyumbani vitabu vitatu,
vimefungwa kwa uzi wa katani,
mwaka ule Mbaruku alipohamishiwa karakana ya reli.
Mimi shule yangu juzuu, na cherehani;
yeye ndiye mwenye macho ya vitabu.
Nikishona, alinisomea.
Sauti ilipanda na bei ya mkonge, ikashuka misibani,
na bwana shamba akifoka, Mbaruku naye alifoka
hadi paka akatoka nje.

Lakini Salehe akimkaribia Mwanakheri
mume wangu hushikwa na kikohozi.
Hulamba kidole, hufunua kurasa tatu kwa mpigo:
"Basi, kulipokucha..."
Nami nikakanyaga cherehani kwa nguvu
nisionekane nimelisikia pengo.

Miaka arobaini niliamini mle mna uchafu.
Nilimsikitikia mwandishi,
mtu mzima, kukaa na kuandika hayo.

Jana wakafika hapo.
Watoto wakalale, nikasema. Hakuinuka mtu.
Nikashika upindo wa mtandio, tayari kujifunika uso.
Salehe akaingia. Akamkuta Mwanakheri ana miba kiganjani.
Akaketi chini. Akaomba sindano.
Akaitoa mmoja mmoja, kimya,
na alipomaliza, mkono hakuuachia.
"Nikikuona," akasema, "nasahau kuhesabu."
Ndiyo hayo tu.
Yakaja matangazo ya sabuni.

Bi Saumu alikuwa analia.
Mimi nilikuwa na hasira, sijui ya nani.

Walipotawanyika nikamwamsha Rehani
ashushe sanduku lililo juu ya kabati.
Kitabu cha pili, nikamwambia, tafuta miba.
Hakutafuta.
"Bibi, chenyewe kinafunguka hapa."

Kurasa nyingine zote manjano, safi, kama alivyozinunua.
Hizi tatu zimeliwa weusi pembeni,
grisi ya karakana isiyotoka kwa sabuni:
dole gumba lake,
juu ya dole gumba lake,
juu ya dole gumba lake.

"Nisome?"
Soma. Taratibu.
Nikavuta kiti kwenye cherehani
mikono isikae bure.

Mtoto akasoma mlango, akasoma mkeka, akasoma sindano.
Alipofika kwenye kiganja
akaanza kukohoa.

Usiruke, nikamwambia.